Ng'ombe wa Nane na Koki ya Harieth

Kija aliapa asubuhi ile kwamba hatakula kitu nyumbani kwa Harieth. Hata maji ya kunywa hatagusa. Mara mbili alikwenda Somanda kudai hela yake, na mara mbili akarudi tumbo limejaa na mfuko mtupu, kwa sababu yule dada wa Kihaya alikuwa na ugonjwa wa kukaribisha watu. Ukipiga hodi tu, sahani imeshafika. Na Kija naye alilelewa huko Meatu na mama aliyemfundisha kwamba mtu hadaiwi huku unatafuna chakula chake. Sasa jamani, utamdaije mtu na ndizi mdomoni?

"Leo naingia na kusimama," alijiambia akipiga kiki pikipiki yake. "Nasimama wima mpaka nilipwe."

Deni lenyewe lilikuwa la haki, hilo tuliseme mapema. Kija alikuwa fundi bomba pale Bariadi mjini, na Harieth alikuwa mtumishi aliyehamishiwa ofisi za mkoa akitokea Muleba. Nyumba aliyopanga ilikuwa na mabomba yaliyooza mpaka yanatoa maji ya rangi ya chai. Kija akayafumua yote. Akajenga kimnara cha matofali, akapandisha simtanki juu, akashusha maji jikoni, bafuni na chooni, akafunga koki mpya kila mahali. Vifaa vyote alinunua mwenyewe, na hapo ndipo penye kidonda, maana hela aliyonunulia ilikuwa hela ya ng'ombe.

Ng'ombe gani? Ng'ombe wa nane wa Flora. Wazee wa Flora walitaka ng'ombe wanane wa mahari. Saba walikuwa tayari bomani kwa baba yake Kija, karibu na Mwanhuzi, na hela ya wa nane Kija alikuwa ameikusanya kidogo kidogo, choo hiki na bafu lile. Alipoona kazi ya Harieth imenona, akaitumbukiza yote kwenye mabomba, akijua mwezi ukiisha itarudi na faida juu yake. Mwezi ukaisha. Ukaja mwingine, nao ukaisha. Mjomba wa Flora, bwana Onesmo, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, akatangaza kwamba mvua za kupandia pamba zikinyesha ng'ombe hawajatimia, basi wale saba wabaki hukohuko Meatu na Flora abaki kwao. Tena kulikuwa na karani mmoja wa pamba, mwenye gari, ambaye siku hizo alikuwa anapita kumwamkia mjomba kupita kiasi cha adabu.

Sasa kwa nini Harieth hakulipa? Si kwamba hakuwa nayo. Yeye na mwenye nyumba walikubaliana amlipe fundi, kisha akate kwenye kodi ya nyumba. Lakini kabla mwezi haujaisha, mwenye nyumba, mzee Ndalahwa, akampigia simu: "Usimlipe fundi. Mimi na yeye tumeshamalizana." Akakata hapohapo, maana mzee Ndalahwa alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde lakini vocha aliionea uchungu.

Na Kija hakuwa amepokea hata shilingi. Basi Kija akaona Harieth ni mwongo, na Harieth akaona Kija anataka kulipwa mara mbili, na kila mmoja akawa na hakika kabisa.

Utasema, si angemuuliza mzee mwenyewe? Thubutu! Mzee Ndalahwa alikuwa rika la baba yake. Walikutana siku moja tu, siku ya kuanza kazi, mzee alipotoka kijijini kwake kuja kukagua, akamuuliza swali wanaloanza nalo wazee wa Kisukuma hata kabla ya jina: wewe ni mtoto wa nani? Kija akajibu, wa Constantine, wa Meatu. Mzee akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe yeye na Constantine walichunga pamoja ujanani! "Fanya kazi, ng'wana wane, mwanangu," akamwambia. "Jasho lako halitapotea." Sasa baada ya maneno mazito kama hayo, mtoto aje ampigie mzee simu amwambie nilipe? Heri ameze spana.

Ndiyo maana alikwenda kwa Harieth. Alimkuta barazani, amerudi kanisani, amejifunga kanga juu ya gauni zuri.

"Karibu fundi! Keti, chakula kinaiva."

"Sikai, dada Harieth."

"Mawe!" Harieth alishangaa kwa Kihaya. "Una jipu?"

"Sina jipu. Nataka hela yangu."

Harieth alishusha pumzi. "Fundi, tumeshaongea. Hela yako ipo kwa mzee Ndalahwa, na yeye anasema mmemalizana. Nikikulipa mimi, umelipwa mara mbili. Ofisini nakatwa, kanisani natoa, sasa na chooni pia nilipie mara mbili?"

"Mzee hajanipa kitu!"

"Kamwambie yeye."

"Aliyeniita kazini ni nani? Si wewe? Maji yanatoka kwa nani? Si kwako?"

"Yanatoka vizuri sana, asante," alisema Harieth, na alisema kwa moyo mweupe, jambo ambalo lilimuudhi Kija kuliko tusi. "Ngoja nikuletee ndizi, maana unatetemeka."

Akaleta. Ndizi za nyama, zimepikwa zikalainika, zina harufu ya kumtoa nyoka pangoni. Kija alisimama wima kama alivyoapa. Alisimama, akasimama, kisha akaketi. Akala. Akaongezewa. Alipolamba kijiko ndipo alipokumbuka kiapo, na hasira iliyompanda sasa haikuwa ya Harieth, ilikuwa ya tumbo lake mwenyewe. Hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya.

Aliinuka bila kunawa, akachukua spana yake kubwa ya bomba kutoka kwenye pikipiki, akapanda kimnara. "Kama mabomba hayajalipiwa," alipiga kelele kutoka juu, "basi bado ni yangu!" Akaifungua koki kuu, ile ya chini ya tanki.

Fundi mzima, miaka yote hiyo kazini, akasahau kwamba tanki limejaa.

Maji yalimpiga kifuani, yakamshukia tumboni, yakamwingia mpaka kwenye viatu. Alikoroma kama ng'ombe anayevushwa mto. Uwanja ukawa bwawa. Bata wa jirani walikuja mbio wakifurahi kama wamealikwa. Kija akashuka akitweta, koki mkononi, na spana hakuiona. Alikuwa ameiachia yalipomwagika maji ya kwanza, ikaanguka chini. Akatazama huku na huku. Harieth alikuwa ameketi kwenye kiti chake palepale barazani, mikono juu ya magoti, amenyooka mno.

"Spana yangu iko wapi?"

"Sijui."

"Umeikalia."

"Basi njoo uninyanyue," alisema Harieth.

Kija angefanya nini? Alirudi mjini akiwa na koki mfukoni, bila spana, bila hela, analowesha barabara nzima ya Somanda, na watoto wanamuuliza kama mvua imeanzia kwake.

*

Flora alikuwa anashona sare za kwaya kibarazani kwa fundi mwenzake pale sokoni. Alimwona Kija anakuja na suruali inadondosha maji, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Umeanguka kisimani?"

Kija akamsimulia yote, kwa uchungu, akitegemea pole. Flora alijaribu. Alijifuta uso na kipande cha kitambaa, akauma midomo, kisha akashindwa, akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Kwa hiyo wewe una koki yake, yeye ana spana yako. Hebu nieleze, sasa nani anamdai nani?"

"Flora, hili si la kucheka."

"Najua." Akaacha kucheka, na Kija akaona kwamba kweli anajua. "Mjomba jana amekaa kwenye gari la yule karani. Hawajaenda popote, wamekaa tu ndani, wamewasha redio. Mimi simtaki, Kija. Nilishamwambia mjomba, simtaki yeye wala redio yake. Lakini mjomba ana neno lake, anasema yeye alishakubali ng'ombe wanane na hajaona wanane."

"Utawaona."

"Wapi? Hapo mfukoni kwenye koki?"

Jioni ile Kija alimpigia baba yake simu. Mzee Constantine alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa polepole, kwa hiyo kumpigia simu kulihitaji moyo.

"Baba, hapo bomani hakuna namna yoyote? Tumepungukiwa mmoja tu."

"Wetu ni saba," alisema baba yake. "Maksai wawili wa kulimia siwahesabu. Yupo na mmoja wa watu."

"Huyo wa watu. Tukimwazima, kisha nikilipwa nikanunua mwingine tukamrudishia mwenyewe..."

"Kija."

Alilitaja jina tu, basi. Kija akaona aibu kama vile amekamatwa mkono uko ndani ya chungu. Ng'ombe wa watu ni wa watu. Huko kwao hata kuwatangaza hawatangazwi, wala huulizi ni wa nani, na yeye alikuwa amependekeza kumtoa mahari.

"Nisamehe, baba."

"Lala," alisema mzee Constantine. "Na mimi natafuta njia."

*

Harieth alivumilia kuoga kwa kopo kwa siku chache, akachoka. Akaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, mama Klementina, na Klementina akamwita Kija siku hiyohiyo. Waliketi uani kwake kwenye benchi moja, kila mmoja upande wake. Mezani, mbele yao, Klementina aliamuru viwekwe vitu viwili: koki na spana.

"Mmesoma nyie," alisema Klementina. "Mmoja yuko mkoani, mwingine ana cheti cha ufundi. Na mnanyang'anyana vyuma kama watoto."

"Ameniachia bata bafuni," alisema Harieth.

"Hajanilipa," alisema Kija.

"Nimezuiwa nisilipe!"

"Na aliyekuzuia yuko wapi?" aliuliza Klementina. Walipomweleza, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mwezi wa ngapi huu mnagombana, na hakuna aliyemuita mwenye nyumba? Mmoja anaogopa simu itakatwa, mwingine anaogopa mzee." Akachukua simu yake, akapiga, akasema maneno mawili matatu kwa Kisukuma, akafunga. "Anakuja. Amesema neno deni limemkera sana."

Alikuja kweli, asubuhi ya pili, walipokutana tena uani kwa Klementina, amepakiwa kwenye bodaboda, koti zito, fimbo imelazwa mapajani. Alishuka kwa shida, anaburuta mguu mmoja. Kija aliinuka mbio.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," alijibu mzee Ndalahwa, lakini hakutabasamu. "Nani hapa anasema mimi ninadaiwa?"

Harieth, ambaye Mungu hakumuumba na woga, akasema, "Baba, fundi anasema hakupata kitu. Wewe ulisema mmemalizana. Mimi nataka kuoga tu."

"Hakupata kitu?" Mzee alimgeukia Kija, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Siku ileile niliyokuona, nilirudi nyumbani nikaingia bomani kuchagua. Sikuchagua mbovu. Nilitoa mtamba mwekundu, ana baka jeupe usoni, ana mimba. Nikamtuma mchungaji wangu amswage mpaka Meatu kwa baba yako. Nikasema mtoto wa Constantine nitamlipaje makaratasi? Nimlipe kama mtoto wa mtu. Na tangu siku hiyo baba yako hajaniambia hata wabeja, hata asante tu."

Kija aliketi tena kwenye benchi.

"Na huyo mchungaji wako," aliuliza Klementina taratibu, "ulimpa maneno gani ya kusema?"

"Maneno ya nini? Mwanawe ananifanyia kazi, ng'ombe anafika bomani kwake. Tangu lini ng'ombe akafungiwa barua shingoni?"

Klementina alijishika kichwa. "Kija, mpigie baba yako. Weka sauti kubwa."

Simu iliita, ikapokelewa. Na jamani, wazee wawili waliochunga pamoja ujanani, wasioonana miaka, utawaharakishaje? Walisalimiana. Wakaulizana mvua. Wakaulizana malisho, wake, wajukuu, na mguu wa Ndalahwa, na mgongo wa Constantine. Wakamkumbuka dume mmoja mkorofi aliyekufa kabla Kija hajazaliwa.

"Vocha ya nani hiyo?" Harieth alimnong'oneza Kija.

"Yangu," alisema Kija kwa huzuni.

Mwishowe mzee Ndalahwa akakohoa. "Constantine. Yule mtamba mwekundu."

"Yupo, mzima kabisa," ilisema sauti ya Constantine kwenye simu. "Amezaa ndama jike. Nimekutunzia vizuri, usiwe na wasiwasi. Maziwa tumekunywa, hilo sikufichi. Nikaona ni haki ya anayetunza. Lakini nawe umekuwa mvivu, ndugu yangu. Unaniletea ng'ombe nikutunzie, na hata kuja kumwona huji?"

Palepale Kija akaelewa, na Klementina akaelewa, na Harieth peke yake akawa anageuza shingo huku na huku. Klementina akamweleza. Wenye ng'ombe wengi huku hawaweki wote pamoja. Humpelekea rafiki ng'ombe mmoja au wawili awatunze, wazee wanaita kubilisa. Rafiki hunywa maziwa na kuweka samadi shambani, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki wa mwenyewe, mpaka siku mwenyewe atakapokuja kwa miguu yake, asimame bomani, na kutamka kwamba nimekupa. Ng'ombe aliyeletwa na mchungaji bila neno ni ng'ombe wa kutunzwa. Kila mtu anajua hilo. Na kila mtu anajua pia kwamba mtu mkubwa hamtumii mwenzake ng'ombe wa malipo pamoja na risiti, kama duka.

"Kwa hiyo wote wawili wako sahihi?" aliuliza Harieth.

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Klementina.

"Nilikuwa nangoja neno lako," alisema Constantine kwenye simu.

"Nami nilikuwa nangoja wabeja yako," alisema Ndalahwa. "Nikasema Constantine amekuwa na majivuno. Kama si mguu huu, ningekuja mwenyewe. Constantine, yule si wa kutunzwa. Ni wa mwanao. Ni jasho lake, mabomba ya nyumba yangu."

Kija akaitazama simu kuona kama vocha bado ipo.

"Kija," alisema baba yake.

"Naam, baba."

"Maksai mmoja nilishamtafutia mnunuzi. Nilikuwa nimpeleke mnadani wiki hii, nikuongezee wa nane. Nilisema mwaka huu nitalima kwa jembe la mkono." Akapumua. "Na huyu mwekundu nimekuwa nikimfungulia kila asubuhi, namruka nikihesabu."

Kija alilia. Baadaye alidai ni vumbi, lakini uwanja wa Klementina ulikuwa umemwagiwa maji asubuhi na vumbi halikuwepo. Alilia kwa sababu baba yake alikuwa tayari kuinama na jembe, na mgongo ule, kuliko kumgusa ng'ombe wa mtu. Tena alilia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameomba aguswe.

Harieth akasukuma spana mezani kuelekea kwake. "Chukua, fundi. Na usilie juu ya koki yangu, itashika kutu."

*

Mzee Ndalahwa alikwenda Meatu na mguu wake, akasimama bomani, akatamka neno, akanywa maziwa, akalala huko. Alipoulizwa ndama, alisema ndama hufuata mama yake. Kwa hiyo siku ya kupeleka mahari kwa kina Flora, ng'ombe walioingia uwanjani walikuwa wanane, na nyuma yao ndama mmoja mwekundu anayerukaruka bila kujua amekuja kwa sherehe gani.

Kija alifika na baba yake, mshenga, shangazi zake, na Harieth. Harieth alijialika mwenyewe. Alisema ng'ombe mmoja kati ya hao ametoka chooni kwake na hawezi kuachwa nyumbani. Alikuja na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao Muleba, na mkoba mkubwa wa ofisini.

Bwana Onesmo alianza kuwapitia ng'ombe. Aliwapitia kama mtu anayenunua, mmoja mmoja, meno, kwato, nundu. Saba wakapita. Akafika kwa yule mwekundu, akamwona ndama, akaanza kutabasamu. Kisha akashika sikio la ng'ombe, na tabasamu likaondoka.

"Hii alama ya sikio si ya Constantine," alisema kwa ile sauti yake ndefu. "Hii naijua. Ni ya Ndalahwa. Mmetuletea ng'ombe wa kuazima!"

Uwanja mzima ukaguna. Flora alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, akashika fremu. Kila mtu alijua habari za ng'ombe wa kuazima: wanaletwa mchana, bi harusi anatolewa, wiki ijayo mwenyewe anakuja kuwadai kwa wakwe. Ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu.

"Ni wangu," alisema mzee Constantine.

"Masikio yanasema si wako."

"Ng'ombe mzima hakatwi sikio upya, bwana Onesmo, wewe unajua. Ndalahwa alitamka neno bomani kwangu."

"Mbele ya nani? Mbele ya ndugu zako? Ndalahwa mwenyewe yuko wapi?"

Ndalahwa alikuwa kitandani na mguu wake, na simu yake imezimwa. Mshenga akapiga, akapiga tena. Onesmo akakunja mikono. "Nataka shahidi asiye wa ukoo wenu. Mmoja tu. La sivyo, swageni ng'ombe wenu mrudi, na mvua naiona kule."

Kija alitazama chini. Alitazama kwato za ng'ombe wake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, hakuwa na hasira, alikuwa na hofu tupu.

"Nipisheni," ikasema sauti kutoka upande wa wanawake.

Harieth alitoka katikati ya kanga na vitenge, kopo la senene bado liko mkononi.

"Wewe ni nani kwa bwana harusi?" aliuliza Onesmo. "Dada yake?"

"Dada yake? Mimi na huyu tumeshtakiana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeikalia spana yake mpaka imeniachia alama." Watu wakaanza kucheka, Harieth hakucheka. "Fundi, sema mbele ya wazee. Ulinifanyia kazi ya maji?"

"Ndiyo, dada."

"Nilikulipa?"

"Hata shilingi."

"Ulikuja kunidai mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na nilikataa?"

"Kila mara."

Harieth akamgeukia Onesmo. "Umesikia, baba? Nilikataa, kwa sababu mwenye nyumba wangu alisema ameshalipa. Na alichomlipa nacho, nilimsikia mwenyewe akitamka kwa mwenyekiti, ndicho hiki hapa, kina mkia. Sasa sikiliza vizuri. Kama ng'ombe huyu si wa Kija, basi mabomba ya nyumba yangu hayajalipwa, na mwenye deni ni mimi. Unadhani nitasimama hapa, mbele ya ukoo mzima, nijitwishe deni ambalo nimelikataa miezi yote hii? Mimi? Nenda Somanda ukaniulizie. Mimi hela yangu haitoki hovyo. Ng'ombe ni wake! Usinirudishie deni langu!"

Bibi mmoja upande wa kina Flora akapiga kigelegele, na kicheko kikalipuka uwanja mzima, mpaka ndama akakimbilia kwa mama yake. Onesmo alijitahidi kukunja uso. Hakuweza. Aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika.

"Shahidi wa kujitetea mwenyewe hasemi uongo," alisema akijifuta macho. "Wanane. Wametimia."

Flora aliachia fremu ya mlango. Hakukimbia, maana mila haziruhusu, lakini alimtazama Kija kutoka kule alikokuwa na kumtikisia kichwa kidogo, huku mikono yake ikiigiza mtu anayefungua koki. Kija akacheka kwa nguvu, machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia vumbi.

Chakula kilipotoka, Harieth alikuwa tayari ameingia jikoni kwa watu kana kwamba ni kwake, anapakua. Alimletea Kija sahani ya kwanza, imejaa mpaka pembeni, na senene juu yake.

"Kula, fundi. Leo humdai mtu."

Kija akapokea kwa mikono miwili, akaketi chini karibu na baba yake, wakala.